UA LA BEGONIA NDANI YA NYUMBA: TULIKUZE LISITUZIDI

Mazungumzo ya Mama Mwenyekiti kwa wanachama na wageni, siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi chetu, Sumbawanga

 

Risala ya kikundi mmekwisha kuisikia. Katibu ameisoma vizuri, mapato na matumizi mmeyasikia, na mweka hazina amejibu maswali mpaka sauti ikamkauka. Mimi sitarudia habari za hisa wala mikopo. Wageni wetu labda hamjui kwamba katika kikundi chetu, kila siku ya mkutano, tukimaliza kuhesabu na kabla ya kufunga sanduku kwa zile kufuli tatu, mwanachama mmoja husimama akatoa somo la jambo analolifahamu. Tumefundishana kukamua alizeti, kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi, kutengeneza sabuni ya maji, kulea vifaranga wakati wa baridi. Leo zamu imeniangukia mimi, nami nimechagua somo la ua la begonia, lile la kwenye kopo tunaloliweka sebuleni karibu na dirisha.

Najua wapo watakaosema, miaka kumi yote hiyo halafu Mama Mwenyekiti anatuletea habari za maua! Subirini. Mwisho wa somo hili lipo jambo la kuamua, tena ni jambo ambalo limetugawa tangu mkutano wa mwezi wa nane. Siwezi kuwaomba mlipigie kura kabla hamjalielewa lenyewe ua. Kwa hiyo naomba tusikilizane.

Kwanza tulifahamu ua lenyewe. Jina begonia si la Kiswahili wala si la Kifipa. Ni jina la mtu. Alikuwako Mfaransa mmoja, Michel Bégon, aliyekuwa mkubwa wa serikali katika visiwa vya Wafaransa kule Karibi miaka ya 1680. Mtawa mmoja mtaalamu wa mimea, Charles Plumier, akalipa ua hili jina lake kwa kumheshimu. Aina zake duniani zimepita 2,000, na nyingi zinatoka nchi za joto zenye misitu ya unyevu, Amerika ya Kusini, Asia, na huku kwetu Afrika. Msidhani ni ua la Wazungu tu. Hapa Tanzania tunazo za porini. Ipo moja iitwayo Begonia meyeri-johannis, inayokaa katika misitu ya milima ya Afrika Mashariki, na huko hupanda juu ya miti kwa kujishikiza. Jina hilo imepewa kwa ajili ya Hans Meyer, yule Mjerumani aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889.

Kwa nini nawaambia habari za msituni? Kwa sababu mtu ukijua alikotoka mgeni wako, utajua umpe chakula gani. Begonia imezoea kukaa chini ya miti mikubwa. Hapo jua halipigi moja kwa moja, linachujwa na majani. Udongo wake ni majani yaliyooza, laini, una unyevu lakini maji hayatuami. Mizizi yake ni myembamba na haiendi chini sana. Basi kila nitakalosema leo linatoka hapo hapo.

Pili, tujue tunazo za namna gani, maana zote hazikatwi sawasawa. Ipo ya fimbo, ndiyo ile yenye mashina yaliyosimama yenye mafundo kama muwa, na majani yake yamekaa upande kama bawa la ndege. Mara nyingi majani hayo yana madoa meupe, na maua yananing'inia kama hereni. Hiyo isipoangaliwa hurefuka mpaka kumpita mtoto wa darasa la saba. Ipo ya kutambaa, ambayo shina lake ni nene, limelala juu ya udongo kama tangawizi, na majani yanatoka humo. Wengi tunaipenda kwa majani yake ya rangi rangi, mekundu, ya fedha, meusi. Hiyo hairefuki, hutanuka mpaka inamwagika nje ya kopo. Na ipo ile ndogo ya kichaka, yenye majani yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, inayotoa maua karibu mwaka mzima. Hiyo ni rahisi kuliko zote.

Sasa jamani, malalamiko ninayoyasikia kwenye nyumba za wanachama ni mawili tu. Mmoja anasema, ua langu limekuwa refu, limekonda, chini halina jani hata moja, limebaki fimbo kavu na majani matatu juu kama mwavuli. Mwingine anasema, ua langu limejaa, limeziba dirisha, baba anasema nichague kati yake na ua. Na tukumbuke wengi wetu tumepanga chumba na sebule. Humo humo pana kitanda cha watoto, gunia la maharage, na jiko. Ua likitanda, kweli ni tatizo.

Tuanze na la kwanza, la ua kurefuka na kukonda. Sababu kubwa ni mwanga kuwa haba. Ua likiwekwa pembeni gizani linautafuta mwanga, basi linanyoosha shingo. Utaona toka fundo hadi fundo pamekuwa parefu, na shina limeinama kuelekea dirishani. Dawa yake ni kulisogeza. Dirisha zuri ni la mashariki, lipate jua la asubuhi lile la upole. Jua la saa sita usilipe. Hapa Sumbawanga tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, jua letu ni kali ingawa upepo ni wa baridi, nalo linababua majani yakawa na mabaka ya kahawia. Kama dirisha lako linaelekea jua kali, weka pazia jepesi. Na kila wiki geuza kopo robo ya duara, ili ua lisipinde upande mmoja.

Lakini mwanga peke yake hautoshi. Ua la fimbo ukiliacha lenyewe litapanda tu, kwa sababu ncha ya juu ndiyo inayotawala, inayazuia macho ya chini yasichipue. Ukiiondoa ncha, macho yale yanapata ruhusa. Ndiyo maana dawa ya pili ni kudonoa. Chipukizi likishafikisha majani manne au matano, lishike kwa kucha za kidole gumba na cha shahada, ulikate pale juu kidogo ya fundo. Baada ya wiki chache utaona matawi mawili badala ya moja. Nayo yakikua, yadonoe tena. Hivyo ndivyo ua linavyokuwa fupi, nene, lenye majani mpaka chini. Ni kazi ya dakika moja, lakini lazima ifanywe mapema, wakati shina bado laini.

Na kama ua limekwisha kuwa refu? Hapo tunatumia kisu kikali au wembe, uliooshwa kwa maji ya moto na sabuni ili usipeleke ugonjwa. Fimbo kuukuu uikate chini, ubakize mafundo mawili au matatu juu ya udongo. Angalia vizuri kama fundo lina jicho, maana kwenye ua la fimbo, fundo lililokwisha kutoa maua mara nyingi halichipui tena tawi. Na jambo kubwa: usizikate fimbo zote siku moja. Acha angalau mbili zenye majani, kwa sababu majani ndiyo jiko la mmea, yanapika chakula cha mizizi. Ukiyaondoa yote unaufunga mzizi kwenye njaa, halafu ukimwagilia kama kawaida, unaoza.

Wakati wa kukata nao una maana yake. Hapa kwetu baridi ya Juni na Julai ua halikui, limelala. Begonia ikipata baridi ya chini ya nyuzi 15 inasimama kabisa, na ninyi mnajua usiku wetu wa Julai ulivyo. Ukikata wakati huo kidonda hakiponi upesi. Ngojeni Septemba na Oktoba, joto linaporudi, kabla ya mvua za Novemba. Miezi hiyo ua limeamka, lina nguvu ya kuchipua. Ndiyo maana somo hili nimelileta leo wala sikulileta mwezi wa sita.

Ile ya kutambaa haidonolewi ncha ya juu kwa sababu haina juu. Unatazama shina lake nene. Likishavuka ukingo wa kopo, likate pale linapoanza kuning'inia, na kile kipande ulichokata usikitupe, kinapandwa. Majani ya zamani yaliyochoka ya nje yaondoe pamoja na kikonyo chake. Nayo itatoa majani mapya katikati.

Tuje kwenye kopo. Hapa ndipo wengi wanapofikiri wanalisaidia ua kumbe wanaliumiza. Mtu ana ua kwenye kopo la lita moja, anaona limekua, analihamishia kwenye ndoo ya lita kumi ili lipumue. Halipumui! Mizizi ya begonia ni midogo. Udongo ule mwingi ambao mizizi haijaufikia unakaa na maji siku nyingi, unachachuka, mizizi inaoza. Kopo jipya lizidi la zamani kwa upana wa vidole viwili tu, na lisiwe refu sana kwenda chini. Litobolewe matundu, na maji yakitiririka kwenye sahani, yamwageni.

Na ukitaka ua libaki ukubwa ule ule miaka yote, haina haja ya kopo jipya. Kila baada ya mwaka mmoja au miwili, mwezi wa tisa au wa kumi, litoe, kung'uta udongo wa zamani, punguza mizizi kama robo hivi kwa kisu, punguza na majani juu kiasi hicho hicho, kisha ulirudishe kwenye kopo lake na udongo mpya. Ukikata chini bila kukata juu, majani yatadai maji ambayo mizizi haiwezi kuleta.

Udongo gani? Sisi Wafipa hatuna sababu ya kununua udongo. Mababu zetu wametuachia ntumba. Mvua zikikaribia kwisha tunakata majani, tunayafukia ndani ya vichuguu vya udongo, juu tunapanda maharage, na msimu ukirudi tunasambaza ule udongo uliooza tunapanda mahindi au ulezi. Basi udongo wa katikati ya ntumba la mwaka jana ndio chakula cha begonia. Chukua huo sehemu mbili, changanya na mchanga wa mto sehemu moja, na maganda ya mpunga kutoka bonde la Rukwa sehemu moja, ili uwe mwepesi. Samadi ya ng'ombe iwe imeoza kabisa, tena kidogo. Majivu msitie kwa wingi. Najua tumezoea kuyamwaga bustanini, lakini begonia inapenda udongo wenye uchachu kidogo, na majivu yanauondoa uchachu.

Mbolea ya dukani, ile ya kukuzia mahindi, tuiache shambani. Kwenye kopo inaunguza mizizi, na isipounguza inatoa majani makubwa laini yenye maji mengi, ua linapanda kama limefukuzwa. Anayetaka ua dogo asilishibishe kupita kiasi. Maji ya samadi yaliyochujwa, yawe mepesi rangi ya chai ya rangi, mara moja kwa mwezi wakati wa kukua, yanatosha. Wakati wa baridi usitie kitu.

Kumwagilia, tumia kidole. Kiingize mpaka kwenye kiungo cha kwanza. Kukiwa kukavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Kukiwa na unyevu, liache mpaka kesho. Juni na Julai unaweza kukaa hata siku kumi bila kumwagilia. Wala majani usiyanyunyizie jioni. Masika, nyumba ikifungwa kwa sababu ya baridi na ua likasongwa na mengine, unaona unga mweupe juu ya majani. Huo ni ukungu. Kata majani yaliyougua uyatupe mbali, fungua dirisha mchana, achanisha makopo. Hii nayo ni faida ya kupogoa, hewa inapita. Mkiona vidudu vyeupe kama pamba kwenye mapaja ya majani, hivyo ni vidung'ata. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, rudia kila wiki mpaka viishe.

Na kwa akina mama wenye watoto watambaao: majani ya begonia yana uchachu unaowasha mdomo na koo, hayafai kutafunwa. Hata paka na mbwa yanawadhuru. Weka juu, na vipande ulivyokata usiviache sakafuni.

Sasa nije kwenye jambo letu.

Wanachama waanzilishi tunakumbuka kwamba kikundi hiki kilianzia sebuleni kwa marehemu mweka hazina wetu wa kwanza. Sanduku lilikaa chini ya meza yake, na juu ya meza lilikaa ua la begonia la fimbo, lenye majani ya madoa. Mwaka ule wa kwanza, akina mama ishirini, kila mmoja wetu alipewa tawi moja kwa mkono wake. Wiki iliyopita nimepita nyumba kwa nyumba kuuliza. Katika yale ishirini, yaliyobaki hai ni matatu: langu, la katibu, na la mama yetu mzee kule Chanji. Mengine yamekufa. Mengine kwa maji mengi, mengine kwa baridi, lakini mengi kwa sababu hakuna aliyethubutu kuyakata. Yalirefuka, yakawa matupu chini, fimbo zikazeeka, zikakauka, na hapakuwa na kipande kilichopandwa pembeni kushika nafasi.

Ua mama lenyewe liko kwa binti yake. Lina fimbo tano. Tatu zimevuka urefu wa mtu, zimefungwa ukutani kwa kamba ya mgomba ili zisianguke. Chumba ni kimoja. Huyu binti yetu amepata kazi Mpanda, anahama mwezi wa kumi na mbili, na ua hilo haliingii kwenye basi. Akatuletea swali mwezi wa nane: nifanye nini na ua la mama?

Ndipo tulipogawanyika. Wapo waliosema tulichukue hivyo hivyo, likakae kwenye chumba cha mkutano, lisiguswe. Na mwenzetu mmoja alisema neno zito, kwamba ua la marehemu halikatwi, kulikata ni kama kumkata mwenyewe. Mimi silicheki neno hilo. Limetoka kwenye upendo, na wengi mlitikisa kichwa. Lakini naomba nilijibu kwa heshima.

Tulipokuwa naye, ua lile halikuwahi kupita urefu wa meza yake na nusu. Nani alikuwa analikata? Si yeye mwenyewe? Mtu akijifungua, alikata tawi akampelekea. Mtu akifiwa, alikata tawi. Zile fimbo ndefu zimeota baada ya yeye kuondoka. Kwa hiyo urefu ule wa sasa si kumbukumbu yake, ni miaka miwili aliyokosekana. Tukisema lisiguswe, tunaacha kulifanyia kile alicholifanyia yeye kila mwaka.

Tena lipo jambo la mimea ambalo ni vema tulielewe. Mbegu ya begonia ikiota, inaweza kutoa ua tofauti na mama yake, kama mtoto anavyotofautiana na mzazi. Lakini tawi lililokatwa likapandwa si mtoto. Ni ua lile lile, linaendelea kuishi mahali pengine. Kwa hiyo atakayepata tawi hatapata mfano wa ua la marehemu, atapata lenyewe. Na fimbo ile kuukuu tusipoikata, baada ya muda itakufa tu, kama zilivyokufa zile kumi na saba. Hapo ndipo tutakuwa tumempoteza kweli.

Basi pendekezo langu ni hili, nanyi mtalipigia kura mkutano ujao, kila mtu kwa hiari yake. Mwezi wa kumi, fimbo tatu ndefu zikatwe, zibakizwe mafundo mawili mawili. Zile mbili changa, ambazo ziko magotini, ziachwe na majani yake. Mpaka Desemba ua litakuwa limechipua chini, fupi, na binti yetu ataweza kulibeba ndani ya ndoo ndogo, udongo ukiwa umekauka kidogo, aliweke miguuni mwake mpaka Mpanda. Ua mama ni lake, halinyang'anywi. Namkumbusha tu kwamba Mpanda kuna joto kuliko huku, udongo utakauka upesi, kidole kifanye kazi mara nyingi zaidi.

Fimbo zile tatu zitatupa vipande kumi na vinne. Kila kipande kiwe na mafundo matatu, urefu wa kiganja. Ondoa majani ya chini, bakiza moja au mawili juu. Fundo moja lifukiwe kwenye mchanga wenye unyevu. Funika kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, ukiutoboa kidogo, uweke mahali penye mwanga pasipo na jua kali. Wiki tatu hadi tano vitakuwa vimeshika mizizi. Anayependa kuweka kwenye glasi ya maji, aweke, maji abadilishe kila baada ya siku mbili.

Sisi ni wanachama 28. Watatu tunalo. Waliobaki ni 25, na vipande ni 14. Tutapiga bahati nasibu kama tunavyofanya kwenye mchezo wetu wa vyombo, bila kutazama nani mwanzilishi na nani mgeni. Wale 11 watakaokosa, wasinung'unike, maana tawi hili ni mkopo. Kila atakayelipata, pamoja na sisi watatu tulio nalo, tutakuwa kumi na saba. Ikifika mwezi wa tatu, kabla baridi haijaingia, kila mmoja atakuwa amedonoa ncha ya ua lake, maana ni lazima idonolewe ili ua lisirefuke. Ncha hiyo, yenye mafundo mawili au matatu, ndiyo marejesho. Ncha kumi na saba kwa watu kumi na mmoja: hata sita zikifa, hakuna atakayekosa.

Mnaona faida yake? Asiyekata, hajalipa deni. Na anayelipa deni, ua lake ndiyo linanawiri. Sijawahi kuona mkopo mwingine wa namna hiyo, na mikopo nimeiona miaka kumi.

Wenzangu, sipendi kuwachosha, najua wali umeiva na ngoma inasubiri. Naomba kila mwanachama aje mkutano ujao na kopo moja lililotobolewa, na udongo wa ntumba kiasi cha bakuli mbili. Katibu atafungua ukurasa katika daftari, ataandika nani amepata tawi, lini, na nani amerudisha. Na wewe mama uliyesema ua la marehemu halikatwi, nakuomba kwa heshima zote, wembe wa kwanza ushike wewe. Ukikataa tutakuelewa, lakini nafasi yako ipo.

 Wageni wetu, Mungu akijalia, mwaka kesho mkitutembelea mtalikuta ua moja katika nyumba 28 za Sumbawanga na moja ya Mpanda, yote hayazidi urefu wa meza.

Akina mama, hoyee!